Vitabu vya Maradhi Ndani ya Begi la Harusi

Fajr alipoulizwa anataka nini kwenye begi lake la harusi, alijibu kwamba anataka vitabu vya maradhi ya mimea.

Hakutaja manukato, hakutaja viatu wala mikoba. Jibu alilituma kwa mwanangu Yaqdhan kwa ujumbe wa sauti, na Yaqdhan akanisikilizisha jikoni kwetu Darsait huku anacheka peke yake. Mimi sikucheka. Mwenye kulitayarisha begi ni mimi, na mwenye kusimama mbele ya watu siku ya kulifungua ni mimi pia.

Kwa asiyejua, sisi watu wa Unguja, hata baada ya miaka yote hii ya Maskati, hatuendi kuoa mikono mitupu. Upande wa mume hununua begi kubwa na kulijaza madira, mitandio, kanga, udi na mafuta mazuri, kila kitu kipya. Kisha wanawake wetu hulipeleka kwa bibi harusi kwa vigelegele, na kule kwao linafunguliwa sebuleni, kitu kimoja kimoja kikinyanyuliwa juu kionekane. Wanawake wa upande wa pili hutazama kwa macho ambayo hata mashine ya eksirei haina. Begi zuri huzungumzwa mwaka mzima. Begi baya huzungumzwa mpaka wajukuu waolewe.

Wifi yangu Kawthar, dada wa marehemu mume wangu, alikuwepo siku ile, na Kawthar hakuumbwa kunyamaza.

"Maradhi? Harusini?" alisema. "Kwani huyo mtoto hajui kuomba pafyumu kama wenzake?"

"Maradhi ya mimea," nikamwambia.

"Maradhi ni maradhi. Mie sinyanyui kitabu cha ukoma wa mipapai mbele za watu, wallahi."

Nitasema mambo yalivyokuwa, maana sina haja ya kujipamba. Nilikuwa naogopa. Yaqdhan ni mwanangu wa pekee na baba yake hayupo tena. Fajr ni msichana aliyesoma, wa mtaa wa Madinat Sultan Qaboos, anayesomea maradhi ya mimea chuoni na kufundisha hukohuko, na ambaye akianza kueleza habari za virusi na kuvu anapita lugha tatu bila kupumzika. Mimi nilikuwa karani wa shule ya wasichana mpaka nilipostaafu. Nilikuwa najiuliza, mimi na yeye tutakaa tuzungumze nini? Ningetaka anipende. Heshima nilijua nitaipata, kila mkwe hupewa heshima yake, anapewa na mto wa kuegemea. Mimi nilitaka mtoto wa watu anipende, na begi ndiyo ilikuwa nafasi yangu ya kwanza.

Basi nikampigia simu mwenyewe.

"Khalti, msijisumbue," alisema haraka, ndivyo anavyoniita, kama mama mdogo. "Nilikuwa natania kidogo tu."

"Hukuwa unatania. Niambie vitabu gani."

Alisita, kisha akaanza, na alipoanza hakusimamika. Alisema kwanza kuna kile kinene cha msingi, kinachoeleza mmea unavyougua tangu mwanzo, nani anaushambulia na unajikingaje. Hicho kila mwenye kazi hii lazima awe nacho karibu na kitanda. Halafu kuna cha picha za rangi, jani kwa jani, kwa sababu majani ni waongo. Jani likiwa manjano huenda lina njaa, huenda lina kiu, huenda lina virusi, na kwa macho ya haraka yote ni manjano yaleyale. Kingine ni cha maradhi ya mitende na midimu, miti yetu ya huku. Na cha mwisho, hapo akashusha pumzi, ni kitabu cha kutambulia kuvu.

"Hicho hakina uzuri wowote, Khalti. Kinauliza maswali tu. Unaangalia kwenye hadubini, unajibu, jibu linakupeleka kwenye swali jingine, mpaka unafika kwenye jina. Lakini kiliacha kuchapishwa zamani. Chuoni kipo kimoja na hakiruhusiwi kutoka nje."

"Na simu hii yenu inayojua kila kitu?"

"Simu inakupa jibu ulilokuwa unalitaka. Kile kitabu kinakulazimisha uangalie."

Nilipenda alivyosema. Nikakata shauri palepale kwamba vitabu atavipata, na hicho cha mwisho atakipata kabla ya vingine.

Vile vitatu Yaqdhan aliviagiza nje, vikaletwa mpaka mlangoni vimefungwa kwenye nailoni. Cha nne kilitutoa jasho. Niliuliza kila ninayemjua, kila anayejuana na mtu wa kilimo, mpaka nikaelekezwa kwa Bwana Marhoon, mtu wa Unguja kama sisi, aliyekuwa daktari wa mimea serikalini hadi alipostaafu. Anakaa kwenye fleti Al Khuwair, nyuma ya barabara kuu. Tulikwenda mimi na Yaqdhan, tumechukua bakuli la haluwa.

Bwana Marhoon alikula haluwa, akafuta vidole kimoja kimoja, kisha akauliza, "Nani anakitaka?"

"Mke wa mwanangu, inshaallah," nikasema.

"Anakunja pembe za kurasa?"

Yaqdhan akaniangalia. "Sijui," alisema.

"Hujui? Unamuoa mtu na hujui kama anakunja kurasa?" Bwana Marhoon alishangaa kikweli. "Haya, anatia mate kidoleni akifungua kitabu?"

"Hatii," nikadakia mimi. "Mtoto kalelewa." Wala nilikuwa sijui, lakini mama wa muoaji hawezi kukaa kimya.

Aliuliza Fajr anasomea nini hasa, kwa nani, na chakula akila anakula wapi, mezani au juu ya vitabu. Tulipokwenda kuposa kwao Fajr hatukuulizwa hata nusu ya maswali yale. Mwisho aliingia ndani, akatoka na kitabu amekitia kwenye foronya ya mto. Alikishika kwa mikono miwili, na kwa muda nilidhani atabadili mawazo.

"Nimekaa nacho miaka mingi kuliko nilivyokaa na marehemu mke wangu," alisema. "Muda wote huo hakijawahi kunidanganya. Chukueni. Ila kisikae kwenye unyevu."

Nikamwambia haya, bila shaka. Nilidhani anamaanisha kisianguke kwenye ndoo.

Siku ya kupanga begi nilifunga mlango, nikakaa peke yangu kwa raha zangu. Nguo nilizifukiza udi kwenye chetezo moja moja. Vile vitabu vipya niliviacha kwenye nailoni zake, vilikuwa vinanukia upya na sikuona sababu ya kuvigusa. Lakini kile cha Bwana Marhoon kilikuwa kinanuka kabati la mzee. Nilikigeuza na kukigeuza. Kitu cha bibi harusi kinawezaje kwenda na harufu ile? Mama yangu, Mungu amrehemu, alikuwa hatii hata leso kwenye begi bila kuitia manukato, na mimi ndiye niliyemshikia chetezo.

Basi nikakifukiza udi. Nikachukua mrashi nikakinyunyizia marashi, nje na ndani. Nikachuma asumini za kwenye kibaraza changu, mbichi, zenye umande wake, nikazipanga katikati ya kurasa, sura kwa sura, na mrehani kidogo kwenye zile sura zenye michoro ya kutisha. Nikakizungushia kanga mpya, nayo nikairashia, nikakiweka kwenye pembe yake na nguo upande mwingine. Nilipofunga zipu nilijisikia fahari.

Siku mbili kabla ya kupeleka, mzee mmoja wa ukoo wao akafariki Sumail. Shughuli ikasogezwa mbele, kama inavyostahili, mpaka matanga yaishe na watu watulie. Begi nikaliweka stoo. Ilikuwa Agosti, na stoo yetu haina kiyoyozi. Kulifungua kutazama sikulifungua, kwa sababu begi likishafungwa kwa udi kwetu halifunguliwi tena ila mbele ya mwenyewe.

Siku ilipofika tulikwenda magari matatu. Mama yake Fajr, Bi Shaikha, alitupokea vizuri sana. Wao ni watu wa bara, wazee wao walikuwa Tabora, na mambo ya begi si ada yao, lakini alikuwa ameita jamaa na majirani, sebule imejaa mpaka ngazini. Fajr alikuwa amekaa katikati ya binamu zake, amefunikwa mtandio wa kijani, kichwa chini, hasemi. Ndivyo inavyotakiwa.

Kawthar, pamoja na viapo vyake vyote, ndiye aliyekuwa mtoaji, maana sauti yake inajaza nyumba. Madira yalitoka vizuri. Mitandio ikapigiwa vigelegele. Vile vitabu vitatu vilipotoka watu walicheka kwa furaha, na mama mmoja akasema siku hizi mabibi harusi wana akili. Roho yangu ikatulia.

Kisha Kawthar akaifungua ile kanga.

Harufu ilitangulia. Haikuwa ya udi wala ya asumini, ilikuwa ya kitu kilichokufa kwenye maji. Kawthar alikuwa ameshanyanyua mkono, kitabu kiko juu, na watu wote wakakiona. Kilikuwa kimeota manyoya. Jalada lilikuwa na mabaka ya kijani, pembeni meupe, na katikati ya kurasa zilichomoza asumini zangu, nyeusi, zinateleza.

Mtu mmoja akasema "Astaghfirullah" kwa sauti ya chini, na mwingine akamnong'oneza jirani yake neno ambalo sikulisikia ila nililielewa. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze pale pale kwenye zulia la Bi Shaikha. Nilimfikiria Bwana Marhoon na foronya yake. Nilimfikiria Fajr, ambaye hakuomba kitu kingine duniani, na mimi nimemletea kimeoza.

Kawthar akashika ncha ya mtandio wake ili akifute.

"Usikifute!"

Aliyepiga ukelele alikuwa bibi harusi. Fajr alikuwa amesimama, mtandio umeanguka mabegani, anaruka miguu ya binamu zake kuja mbele.

"Fajr, kaa chini, watu wanakutazama," Bi Shaikha alisema.

"Mama, akifuta anazidi kukipaka na kutusambazia sote." Alikipokea kitabu taratibu, kama mtu anayepokea kitoto kichanga, akakisogeza dirishani. "Nani ana selotepu?"

Nani anakwenda kwenye begi la harusi na selotepu? Ikaletwa kutoka jikoni. Akakata kipande, akakigusisha kwenye lile baka la kijani, akakinyanyua kwenye mwanga na kukitazama. Uso wake sikuuelewa. Kisha akanigeukia.

"Khalti, ulitia nini humu?"

Machozi yalikuwa yameshanitoka. Nilimwambia yote mbele ya wote, udi, marashi, asumini mbichi, mrehani, stoo. "N'lotaka kinukie tu, mwanangu," nikasema. "Kilikuwa kinanuka kabati. Nisamehe."

"Asumini kwenye kila sura?"

"Kila sura."

Fajr akaanza kucheka. Alijaribu kujizuia, akashindwa, akacheka mpaka akakaa chini kwenye zulia na nguo zake zote za heshima. "Hakuna mtu aliyewahi kukitilia kitabu changu maua," alisema alipopata pumzi. Kisha akasimama na kuwa daktari. Kitabu kinatakiwa kigandishwe sasa hivi, alisema, baridi itaisimamisha kuvu, halafu kitakaushwa ukurasa kwa ukurasa. Kurasa za mwanzo huenda zikabaki na madoa, zilizobaki zitapona.

"Kwenye friza yangu?" Bi Shaikha aliuliza. "Na nguru wangu?"

"Atolewe, Mama."

Nguru akatolewa. Sijui nini kilimpata Kawthar, lakini alipiga kigelegele kirefu, wenzake wakamwitikia, na kitabu kikasindikizwa mpaka jikoni ndani ya mfuko wa nailoni kama bwana harusi anayeingizwa ndani. Wale walionong'onezana wakajitia hamnazo na kuendelea na sambusa.

Nilirudi Darsait nikiwa na nafuu, lakini usingizi sikuupata sawasawa. Mtoto mwenye adabu anaweza kucheka mbele ya watu ili kumfichia mkwe wake aibu. Fajr ana adabu. Nilijuaje kama kicheko kile kilikuwa chake au cha wageni?

Asubuhi akapiga simu. "Khalti, unaweza kuja leo alasiri? Mwambie Yaqdhan akulete, lakini asiingie."

Nilijua basi, yamefika. Nikavaa abaya yangu nzuri, kama mtu anayekwenda kuhukumiwa.

Alinipeleka kwenye chumba kidogo nyuma ya nyumba yao. Kulikuwa na meza, hadubini, na mitungi ya majani yaliyokaushwa, na kile kitabu cha msingi kimeshafunguliwa, kimejaa vikaratasi vya alama. Akanivisha barakoa. Ile selotepu ya jana alikuwa ameshaibandika kwenye kioo. Kitabu cha Bwana Marhoon kilikuwa bado kimelala kwenye friza, lakini chuoni walikuwa wamempigia picha kurasa za maswali, na alikuwa nazo kwenye simu.

"Mimi nitasoma, wewe utaangalia," alisema.

"Mie? Mie n'najua nini?"

"Hutakiwi kujua. Unatakiwa kuangalia."

Mwanzo niliona kope zangu mwenyewe. Akanizungushia kigurudumu, na ghafla mambo yakajitokeza, nikasema subhanallah kwa sauti. Kulikuwa na nyuzi nyeupe nyembamba, zimesimama, na juu yake kitu cha kijani. Uchafu ulioniliza jana ulikuwa mzuri hivyo, na hakuna aliyeniambia.

"Swali la kwanza," Fajr alisoma, anatafsiri kadiri anavyokwenda. "Kikonyo kinaishia kwenye kichwa kilichovimba, au kimechanuka matawi?"

"Kimechanuka. Kama fagio la chelewa."

Akainama akaangalia mwenyewe. "Sawasawa. Swali linalofuata. Vile vijimbegu vya juu vimeshikana kwa minyororo, au vimejikusanya kwenye tone la maji?"

"Minyororo," nikasema.

"Umeangalia, au umekisia?"

Nikainua kichwa. "Nimekisia."

"Basi rudi uangalie," alisema Fajr, kwa ukali, kama ninavyofikiri anavyowaambia wanafunzi wake. "Sisi hapa hatukisii, Khalti."

Hakuna mtu aliyewahi kunisemesha hivyo tangu nilipokuwa msichana. Kawthar hathubutu. Fajr mwenyewe hakujua alichokisema, alikuwa anatafuta swali la tatu kwenye simu yake, nywele zimemwanguka usoni, ameshasahau kwamba mimi ni mama wa mume, kwamba ninapewa mto wa kuegemea. Heshima yote ya woga ilikuwa imemtoka. Niliinama kwenye hadubini haraka asije akaniona uso, kwa sababu furaha niliyokuwa nayo haikuwa na adabu.

"Ni minyororo," nikasema. "Sasa nimeiona. Mirefu."

"Ahsante. Swali la tatu."

Tulikwenda hivyo, swali kwa swali. Mara mbili tulipotea njia tukarudi nyuma, na mara moja nilimbishia, na nilikuwa sahihi, akapiga makofi. Jina tulilolifikia sitaki kujaribu kulitamka. Fajr alisema ni ukoo uleule unaoozesha machungwa na ndimu sokoni, na ndio uleule uliowapa watu penisilini, kwa hiyo nisiutukane sana.

Simu yangu ikaita. Alikuwa Yaqdhan, yuko nje kwenye gari, anauliza tumemaliza au bado, ana njaa. Ningekuwa mimi ninayejijua, ningekuwa nimeshavaa viatu.

"Yule wa baka jeupe hatujamwangalia," Fajr alisema. Alikuwa ameshakata selotepu nyingine.

Nikamwambia mwanangu aende akale, nikaizima simu, na nikavuta kiti karibu.